Kapi, Dumu na Mpira wa Tyubu

Nilipokuwa mtoto Mtunda, hakuna aliyetoka nyumbani akaaga kwamba anakwenda mazoezini. Nguvu zilikuwa na kazi zinazozisubiri: mpunga bondeni, mikorosho, minazi ya kukwea, maji ya kuteka. Jamaa waliorudi kutoka Delta ya Rufiji walitaja miti ya mikoko kwa majina ya unene wake, fito, pau, boriti, nguzo, na sisi watoto tulijua ni nani anayeweza kuweka boriti begani akapita nayo topeni. Miti hiyo ya Rufiji majahazi yaliivusha mpaka Ghuba, ikaezeka nyumba za Waarabu. Kila mti ulianza safari yake juu ya bega la mtu.

Vyuma vilikuja baadaye, pamoja na mabanda ya video. Vijana tulijaza zege kwenye makopo ya rangi, tukachomeka bomba la maji katikati, zege likikauka tunacho chuma cha kunyanyulia. Chini ya mkorosho, jioni, tizi likaanza. Tulisukuma sana: kifua, mikono, pushapu mpaka vumbi linatuingia mdomoni. Mgongo haukuwa na mwenyewe, kwa sababu mgongo hauonekani kwenye kioo. Hata hivyo nilizipenda jioni zile kwa moyo wote. Kwa kijana asiye na ajira, chuma kilikuwa kitu kimoja kinachomwonyesha kwamba leo ameendelea kuliko jana.

Ajali iliyonikatiza tizi haina mengi. Masika, tope, bodaboda ikateleza, nikaanguka na kutua kwa mkono ulionyooka. Baada ya hapo sikuweza kuinua kikombe kufika kwenye rafu. Nikapanda basi la kwenda Rangi Tatu, Dar es Salaam, kilomita 130 hivi za Barabara ya Kilwa, na hatimaye nikafika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Daktari alinieleza kwa kalamu na karatasi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikombe kinachokipokea ni kidogo na chenye kina kifupi, na kinachokishikilia mahali pake ni misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega. Kano ya msuli mmojawapo ilikuwa imechanika ikaachana na mfupa. Wakaishona.

Nilirudi nyumbani mkono ukining'inia kwenye mkanda. Kijiji kizima kilikuja kunipa pole, na karibu kila aliyekuja alikuwa na dawa yake: kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa kwa mafuta, kupelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa. Mama mdogo alikuja na sufuria tayari. Nilimwambia, "Mama, shikamoo, na ahsante, lakini mshono huu hautaki kuguswa." Alikubali kwa shingo upande. Fundi wa kuunga mfupa ninamheshimu. Ila kano iliyoshonwa ni jambo jingine, haina damu nyingi inayopita ndani yake, kwa hiyo inapona taratibu mno. Kwa kawaida wiki sita za mwanzo mkono hauruhusiwi kujiinua wenyewe. Uzito wowote wa maana husubiri mpaka mwezi wa tatu uishe, na mzigo mkubwa huweza kungoja nusu mwaka na zaidi. Misuli huanza kudai kazi mapema kuliko hapo. Mtu anajisikia mzima wakati kano bado changa, na hapo ndipo wengi huichana tena.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alinifundisha mambo ambayo hayakufanana hata kidogo na tizi. Kuinama na kuuacha mkono uning'inie, uyumbe polepole. Kisha kapi. Nilifunga kapi la kisimani kwenye kenchi ya baraza, nikapitisha kamba, mkono mzima ukawa unauvuta mgonjwa kwenda juu. Kisha vidole kupanda ukutani, kila asubuhi juu kidogo kuliko jana, na mkaa ukiweka alama. Ulipofika wakati wa kukaza misuli, nilichana tyubu kuukuu ya baiskeli, nikafunga ncha moja kwenye nguzo, kiwiko nikakibana ubavuni na kuvuta mpira kwenda nje. Kazi ndogo namna hiyo ilinitoa jasho.

Lakini kilichonisaidia kupita vyote ni dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna kopo la zege linaloweza kukuongezea robo kilo. Dumu la lita tano unaliinua likiwa tupu, ukizoea unaongeza kikombe cha maji, kesho yake bega likilalamika unapunguza. Nililivuta kuelekea mbavuni nikiwa nimeinama, bapa za mabega zikikutana nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kuujua mgongo wangu. Bega lililoshonwa haliwezi kusukuma vizuri kama bapa lake halikushikwa barabara na misuli ya nyuma, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sisi wa chini ya mkorosho hatukuwahi kuigusa.

Pushapu nilizianza upya ukutani nimesimama, kisha kwenye ukingo wa baraza, ndipo chini. Chuma nimekirudia pia, chepesi kuliko cha zamani, na sikipitishi nyuma ya shingo. Wakati wa mavuno ya mpunga nabeba gunia kwa bega la pili bila kuona haya.

Siku hizi vijana wa jirani wanapokuja barazani, nawawekea sharti: kwa kila zoezi la kusukuma, wavute mawili. Wengine wanaguna, lakini wanavuta. Kapi bado lipo kwenye kenchi. Bibi mmoja jirani yetu, mwenye kisukari, bega lake limekaza, hawezi hata kujifunga mtandio. Wenye kisukari hupatwa sana na bega la namna hiyo. Nilimwambia aanze hospitali kwanza, wamuone na wamwelekeze. Amesharudi na maelekezo yake, na kila siku baada ya alasiri anakuja na mjukuu wake, anakaa kwenye kigoda, anashika kamba.