Sahani Zitembeazo Katika Mji wa Osaka

Katika safari yetu ya nchi ya Japani tuliona mambo mengi ya kustaajabisha, walakini leo twapenda kuwasimulia jambo moja dogo, nalo ni habari ya chakula tulichokula jioni moja katika mji wa Osaka, na aibu iliyotupata hapo.

Tulikuwa wawili, sote waalimu. Tulipofika mlangoni watumishi wote wakapaza sauti pamoja, "Irasshaimase," yaani karibuni. Ndani tuliona mkanda mrefu uzungukao mahali pa wapishi, na wageni wameketi kando yake bega kwa bega. Juu ya mkanda sahani ndogo ndogo hupita polepole zenyewe, na kila mtu huondoa aipendayo ifikapo mbele yake. Mwendo wake ni kama sentimeta 8 kwa sekunde moja. Maana ukienda mbio mgeni hapati kuchagua, na ukikawia huchoka kungoja.

Chakula chenyewe huitwa sushi. Ni tonge dogo la wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, na juu yake kipande cha samaki. Jodari na ngisi huliwa mbichi, bali pweza na kamba kwa kawaida huchemshwa kwanza. Huchovywa katika mchuzi mweusi wa soya, pamoja na wasabi, kitu cha kijani kikali sana, ambacho ukali wake hupanda puani hata machozi yakatoka. Kando huwekwa vipande vyembamba vya tangawizi vya kusafisha kinywa. Tena mbele ya kila mgeni pana bomba la maji ya moto, naye hujitengenezea chai mwenyewe.

Aliyebuni jambo hili ni Shiraishi Yoshiaki, mwenye duka dogo la sushi. Hakuwa na watumishi wa kutosha, wala hakuweza kuwalipa wengi. Siku moja alitazama chupa za bia zikichukuliwa na mkanda katika kiwanda, akafikiri, "Mbona sahani zisiende vivyo hivyo?" Akajaribu kwa miaka mingi, na mwaka 1958 akafungua duka la kwanza la namna hiyo karibu na Osaka. Mwaka 1970, palipokuwa na maonyesho makubwa ya mataifa karibu na mji huo, watu wengi waliyaona mambo hayo, na sifa zake zikaenea. Yeye alifariki mwaka 2001.

Basi, tukaomba juu ya chakula. Jirani yetu, mzee mmoja, naye aliunganisha viganja vyake akasema neno la shukrani kabla ya kula, kama ilivyo desturi yao.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na sisi tulionekana upesi. Tuliondoa sahani moja, tukaigusa samaki kwa kidole, tukainusa, na kwa kuwa haikutupendeza tukairudisha mkandani. Mara mzee yule akanyosha mkono, akaiondoa kabla haijawafikia wengine, akaiweka pamoja na sahani zake tupu. Hakutukemea. Alituonyesha mkanda, akatikisa kichwa polepole, akatabasamu. Ndipo tulipofahamu kwamba sahani ikiisha kuondolewa ni yako, hairudi tena.

Mtumishi alipokuja kuhesabu sahani, maana bei hujulikana kwa rangi na hesabu yake, aliihesabu ile pia kwa mzee. Tulijitahidi kuichukua tuilipe sisi, akakataa. Akalipa, akainama, akaenda zake. Hata jina lake hatukulijua.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulifikiri jinsi kazi ile yote inavyosimama juu ya uaminifu: chakula hupita wazi mbele ya watu wengi wasiojuana, wala hapana askari wa kukilinda. Mwaka 2023 kijana mmoja alipigwa picha katika duka la namna hiyo akiramba mdomo wa chupa ya mchuzi, na picha hiyo ikaenea nchi nzima. Watu walichukizwa sana, na maduka mengine yakaacha kuzungusha chakula wazi, yakawa yakipeleka kile tu kilichoagizwa. Kosa la mmoja liliwaondolea wengi furaha yao.

Nasi nyumbani twala katika sinia moja. Watoto wetu hufundishwa kunawa, kula upande wao, na kutorudisha tonge walilokwisha kulishika. Wengine hudhani hayo ni adabu ndogo ya jikoni tu. Sivyo; ndiyo heshima tunayompa jirani, naye hata asipotuona. Sisi waalimu wawili tuliwafundisha wengine jambo hili miaka mingi, kisha tukalisahau mbali na kwetu, na mtu asiyetujua akalipa deni letu bila neno.

Basi, wazazi na waalimu, mketipo kula pamoja na watoto, wasimulieni habari ya mzee huyu. Nasi tukimkumbuka, twamwombea heri kwa Mungu.