Dakika Arobaini na Tano Zisizokatizwa

Kwa wiki kadhaa sasa akina mama tunaokutana nao darasani na harusini wamekuwa wakituuliza swali moja: je, kozi za mtandaoni za kuwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa kuingilia shule za biashara zina faida, au ni njia nyingine tu ya kuwatoa watu pesa? Wanauliza kwa sababu wana mabinti waliomaliza shahada ya kwanza na wanaotamani kuendelea na uzamili. Tumeonelea tujibu hapa mara moja, badala ya kumjibu kila mmoja mlangoni.

Sisi tu wanne. Mmoja wetu anakaa Kibokoni, mmoja Tudor, mmoja Likoni, na wa nne yuko Lamu. Wa Likoni ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili. Wa Tudor huandika hesabu katika afisi ya wakala wa forodha. Wa Kibokoni anauza leso na mabuibui akiwa nyumbani, na wa Lamu anapika kwa oda. Watatu tuna watoto. Kwa muda wa miezi tisa tulijiandaa kwa mtihani uitwao GMAT, kila mtu kwake, tukizungumza kwa simu usiku na, ilipowezekana, Jumamosi asubuhi watoto wakiwa madrasa.

GMAT si mtihani wa biashara, ingawa ndivyo wengi wadhanivyo. Hauulizi uhasibu wala sheria za kampuni. Ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1954 ili shule za biashara ziwe na kipimo kimoja cha kuwapimia waombaji waliotoka vyuo mbalimbali, na hadi leo kinachopimwa hasa ni namna mtu anavyofikiri akiwa na haraka. Baada ya mageuzi ya mwishoni mwa 2023 umebaki na sehemu tatu: hesabu yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23, na uchambuzi wa data wenye maswali 20. Kila sehemu ina dakika 45. Alama huanzia 205 na kuishia 805. Katika sehemu ya hesabu kikokotoo hakiruhusiwi, na kompyuta hupandisha ugumu wa maswali kadiri unavyojibu sawasawa, kwa hivyo anayefanya vizuri ndiye anayetoka jasho zaidi. Hilo peke yake humvunja moyo mtu asiyelijua mapema.

Sasa kozi zenyewe. Zipo za mamia ya dola, na zipo, hasa zile zenye mwalimu wa moja kwa moja, zinazopita dola elfu moja. Ada ya mtihani ni nyingine, nayo inakaribia dola 300. Kabla ya kulipa chochote, mzazi na ajue kwamba wenye mtihani wenyewe, Graduate Management Admission Council, hutoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio katika tovuti yao rasmi. Binti aanze na mmoja. Matokeo yake yatamwonyesha kama anahitaji kufundishwa hesabu tangu mwanzo au anahitaji mazoezi ya kasi tu, na hayo ni mahitaji mawili yenye bei tofauti sana. Kwa anayeanzia chini kabisa kwenye hesabu, masomo ya bure ya Khan Academy yanatosha kwa miezi ya kwanza. Mwenzetu wa Kibokoni hakutumia kingine kwa wiki kumi.

Kampuni mbili tulizojiunga nazo hatutazitaja. Moja ilitufaa. Nyingine ilikuwa bado inauza masomo ya jiometri na ya kusahihisha sentensi, mambo ambayo yaliondolewa katika mtihani mpya, na ilituchukua barua nne kabla ya kurudishiwa nusu ya fedha zetu. Vilevile ilitangaza dhamana kwamba alama zitapanda ama pesa zirudi. Tuliyasoma masharti: uwe na alama za mtihani halisi uliowahi kuufanya, uwe umemaliza kila somo na kila zoezi, na udai ndani ya siku walizozipanga wao. Dhamana ya namna hiyo ni kama mwavuli wa kuazima unaotakiwa urejeshwe mvua inapoanza. Mwulizeni muuzaji maswali mawili tu: masomo yalirekodiwa lini, na nikiugua au nikijifungua, kozi yangu itasimamishwa au siku zitaendelea kuhesabiwa? Jibu la swali la pili litawaambia iwapo alimfikiria mwanamke yeyote alipopanga kozi yake.

Masomo ya moja kwa moja yalipangwa kwa saa za Marekani. Saa moja ya jioni New York ni saa nane au tisa ya usiku kwetu, kutegemea majira yao. Ajabu ni kwamba mwezi wa Ramadhani ndio uliotufaa kuliko miezi yote, kwani tulikuwa macho kwa ajili ya daku, na mara nyingi mwalimu wa ng'ambo alifundisha uwiano huku sisi tukipasha viporo. Miezi mingine tulitegemea masomo yaliyorekodiwa. Mwenzetu wa Likoni aliyapakua nyumbani na kuyatazama akisubiri feri, asubuhi na jioni. Amehesabu kwamba karibu nusu ya kozi yake aliisomea pale kivukoni. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, nasi bado tunamaliza bando katikati ya swali la asilimia. Hilo tuliachie hapo.

Somo lililorekodiwa lina sifa moja kubwa: husimamishwa. Mtoto akilia, unalisimamisha. Mgeni akibisha hodi, unalisimamisha. Wali ukianza kushika chini, unalisimamisha, ukirudi mwalimu bado amenyanyua kalamu, hakukasirika. Ndiyo maana kozi hizi zimewafungulia mlango wanawake ambao darasa la kawaida lisingewapokea. Lakini mtihani hausimamishwi. Mtu aliyesoma kwa vipande vya dakika kumi kumi kwa miezi tisa huketishwa ghafla mbele ya dakika 45 zisizokatizwa, mara tatu, na akili yake haijawahi kuzoezwa kukaa mahali pamoja kwa muda huo. Sisi sote, hata mwalimu, alama zetu za majaribio zilishuka kila tulipopita dakika ya thelathini. Haikuwa hesabu iliyotushinda. Masikio yetu yalikuwa yamezoea kusubiri kuitwa.

Hakuna kampuni inayouza dakika hizo. Zinatoka kwa mume, kwa mama mkwe, kwa dada, kwa mtoto mkubwa anayeweza kumshika mdogo. Tumeona familia zinazolipa karo ya mamilioni kwa furaha, lakini zikashindwa kumpa binti yao saa moja ya mlango uliofungwa. Kwa maoni yetu, anayetaka kumlipia mtoto wake kozi aanze na saa hiyo, kila siku, kwa mwezi mmoja. Ikiwezekana, alipe. Isipowezekana, kozi ya bei yoyote itapotea bure.

Kuhusu hesabu yenyewe tuna mengi ya kusema, nasi tutachagua. Mwenzetu wa Kibokoni alikuwa akiogopa sehemu, yaani nusu na robo na thuluthi, tangu kidato cha pili. Video za Kimarekani zenye mifano ya keki hazikumsaidia. Usiku mmoja mwalimu wetu akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyesomeshwa faradhi na babu yake chuoni. Mume amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume: kila mmoja anapata nini? Akajibu papo hapo. Mke thumuni, mama sudusi, mtoto kilichobaki. Gawa mirathi mafungu 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Hapo tayari alikuwa ametafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 bila ya kulijua jina lake la shuleni. Wala si jambo la kigeni. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kitabu ambacho neno aljebra limetoka katika jina lake, aliweka humo sehemu kubwa ya masuala ya wasia na mirathi. Na kutoka katika jina lake mwenyewe ndipo lilipotoka neno algorithimu, kile kitu kinachopanga maswali ya mtihani huu ndani ya kompyuta. Tangu usiku ule mwenzetu hakuiita tena hesabu "mambo yao".

Maswali ya bahati nasibu yamejaa karata na dadu, nasi tuliyageuza kuwa maembe mabichi na mabivu kikapuni; jibu halibadiliki. Yale ya riba hatukuyageuza. Mtihani huuliza fedha zikiwekwa kwa riba inayozaa riba zitakuwa ngapi baada ya miaka kadhaa, na mmoja wetu alisita kuyasoma. Mwenzetu wa Lamu yeye aliyasoma kwa makini, kwa sababu wakati huo alikuwa akishawishiwa achukue mkopo wa simu. Akaikokotoa: shilingi 10,000 kwa asilimia 8 kwa mwezi, deni likirundikana juu ya deni, kwa miezi 12. Zinafika zaidi ya shilingi 25,000. Akaizima simu. Tangu hapo hakuna aliyesita kuyasoma maswali hayo. Mtu hujikinga vizuri zaidi na kitu anachokijua umbo lake.

Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni ile isiyotaka jibu. Huulizwa swali, kisha hupewa taarifa mbili, nawe hutakiwi kulitatua bali kusema ni taarifa ipi inayotosha kulitatua. Mama ameuza mahamri mangapi leo? Taarifa ya kwanza: kila moja ni shilingi 10. Ya pili: amepata shilingi 600. Ya kwanza peke yake haitoshi, ya pili peke yake haitoshi, zote mbili zinatosha. Kwa nje ni mchezo wa kitoto, lakini baada ya miezi miwili tuligundua tumebadilika katika mazungumzo. Habari ikiletwa barazani kuhusu mke wa fulani, mmoja wetu huuliza kwa upole: je, tulilonalo linatosha? Maswali ya hoja nayo yalitufunza jambo la jirani yake. Duka limeweka tangazo, mauzo yakapanda, kwa hiyo tangazo limefaa. Mwanafunzi hutafuta kilichofichwa katikati: je, hapakuwa na sababu nyingine? Mwenye duka la nguo anayeweka tangazo katika kumi la mwisho la Ramadhani na kulishukuru tangazo hilo, amesahau Idi.

Mtihani wenyewe unaweza kufanyiwa kituoni au nyumbani. Wa nyumbani una masharti makali: chumba kiwe kitupu, meza iwe safi, kamera izungushwe pande zote nne, simu iwekwe mbali, na mtu yeyote asiingie mpaka mwisho, ama sivyo matokeo yaweza kufutwa. Mwenzetu wa Tudor alipanga aanze saa saba, baada ya adhuhuri, ili amalize kabla ya alasiri, na nyumba yake ikamtii. Alipata 645. Mwalimu wetu alipata 695 na hakushangaa.

Mwenzetu wa Kibokoni alipanga saa zile zile. Mama mkwe wake alitandika mkeka mbele ya mlango wa chumba, akaketi na tasbihi yake kwa muda wa saa mbili na nusu, akawarudisha wajukuu, muuza samaki, na shangazi mmoja aliyekuja na habari nzito. "Mwanangu yumo kazini," alimwambia kila aliyekuja, na hakueleza zaidi. Tunaamini hakuna msimamizi wa mtihani aliyefanya kazi yake vizuri kuliko huyo. Lakini nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana, na sehemu ya tatu ilipoanza, msafara wa harusi ulipita chini ya dirisha kwa matari na vigelegele, ukasimama. Harusi hairudishwi. Alipata 555, na sehemu ya tatu ndiyo iliyoanguka.

Mwenzetu wa Lamu hakuufanya mtihani. Alipofika mwezi wa saba alitwambia kwamba alichokitaka alikuwa ameshakipata, na fedha alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya ada akachangia kununua oveni. Wapo waliosema ameshindwa. Sisi tunaona amefanya hesabu yake vizuri kuliko sote. Daftari lake la gharama za unga, sukari na gesi sasa tunaliazima ili kujifunza.

Wa Tudor ameshatuma maombi katika vyuo viwili, kimoja kikiwa cha kusomea mtandaoni, na anasubiri. Alama za GMAT hudumu miaka mitano, kwa hivyo mwalimu wetu hana haraka. Mwanawe mdogo bado ananyonya. Wa Kibokoni ataurudia. Sheria inamtaka angoje siku 16 tu, lakini yeye amesubiri likizo ya shule, na safari hii amechagua kituo cha Nairobi. Tiketi ya treni ameshakata. Mama mkwe amekubali kubaki na watoto siku mbili, kwa sharti moja: aachiwe namba ya simu ya mwenye oveni wa Lamu, kwani wajukuu wameahidiwa keki.