Mpwa Wangu, Anza na Mwongozo

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesikia unataka kujiunga na wanaojitolea kuijenga OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ila unaona haya kuomba kazi ya kuandika miongozo kwa kuwa wenzako huiona kazi ya wasioweza kuandika msimbo. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia.

Programu huria humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Ruhusa hiyo imo kwenye leseni, lakini leseni haimwoneshi karani wa zahanati namna ya kumsajili mgonjwa aliyehamia kutoka kituo kingine, wala haimwambii fundi afanye nini hifadhidata inapokataa kufunguka. Asiyepata maelezo atarudi kwenye daftari, na uhuru ule kwake utabaki maandishi. OpenMRS ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health la Boston, Marekani. Leo inatumika katika nchi nyingi, na waanzilishi hawawezi kwenda kufundisha kila kliniki. Mwongozo ndio unaofika. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa programu huria wa GNU, aliwahi kuandika kwamba upungufu mkubwa wa mifumo huria haumo katika programu zenyewe, bali ni uhaba wa miongozo mizuri iliyo huria. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, GitHub, jukwaa la kuhifadhia msimbo, ilifanya uchunguzi miongoni mwa watumiaji na wachangiaji wa programu hizi: asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea, na bado asilimia 60 ya wachangiaji huandika nyaraka kwa nadra au hawaandiki kabisa. Karibu wote wanaumia, na wengi wenye uwezo wa kusaidia wamekaa kando.

Utaniuliza, mgeni ataeleza nini asichokijua? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa wamesema kweli tupu. Aliyeandika msimbo amekwishasahau jinsi kutojua kulivyo. Huruka hatua nzima ya usakinishaji kwa sababu vidole vyake huifanya bila kufikiri. Wewe utakwama palepale atakapokwama karani, na kukwama kwako ndiyo taarifa ambayo mradi hauwezi kuipata kwa mabingwa wake. Lakini macho hayo mapya hayadumu. Ukishaizoea programu, nawe utaanza kuruka hatua, kwa hiyo andika sasa.

Wapo watakaokuambia miongozo huchakaa kabla wino haujakauka. Huchakaa pale inapoachwa iandikwe baadaye. Mradi wa Django, programu huria ya kujengea tovuti, unataka kipengele kipya kije pamoja na maelezo yake, na ni miongoni mwa miradi inayosifiwa sana kwa nyaraka zake. Utaratibu ndio umeleta sifa hiyo. Wengine watasema siku hizi mashine zinaandika. Zinaandika, tena kwa ufasaha, lakini zinaweza kumwelekeza mtu kwenye kitufe kisichokuwepo, naye karani ana foleni ya wagonjwa mlangoni. Lazima awepo mtu aliyezifuata hatua zile mwenyewe akaona zinafika.

Pingamizi zito ni la malipo, na silipuuzi. Kujitolea hakulipi kodi ya nyumba, na zipo kampuni tajiri zinazotumia programu huria bila kurudisha chochote. Basi tenga saa usizozihitaji kwa riziki, na usimruhusu yeyote azizidishe. Ila ukurasa utakaouandika utabaki wazi, jina lako likiwa katika historia ya mradi, na zahanati isiyo na bajeti ya mkufunzi itausoma bure. Mimi naona hilo linatosha kukupa sababu.

Sakinisha programu kwenye kompyuta isiyo na kitu, ufuate mwongozo uliopo neno kwa neno, uandike kila ulipokwama. Kisha rekebisha ukurasa mmoja tu, uupeleke kwa wasimamizi waukague, na wakikusahihisha upokee kwa adabu. Nakuomba ufanye hivyo wiki hii, kabla hujaizoea.

Mjomba wako akupendaye.