Kosa Halikuwa Kwenye Flashi

Leo naandika kama anayeungama.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne aliniletea bodi ya BeagleBone Black iliyogoma kuwaka. Programu ya kuwashia mfumo, U-Boot, ilisoma kerneli na faili la maelezo ya vifaa kutoka kwenye flashi, ikaviweka kwenye RAM, ikatangaza kwamba kerneli inaanza, kisha kimya. Bila kutafakari nilimwambia ameandika flashi vibaya, arudie. Alirudia mara tatu. Mimi ni mwenye shahada ya uzamivu. Yeye angebisha vipi?

Mara ya nne alikuja na karatasi ya ukaguzi. “Dokta, vilivyomo kwenye flashi ni vizima. Hata vikifika kwenye RAM bado ni vizima. Vinaharibika baada ya hapo.”

Tuliketi tukachora ramani ya kumbukumbu. RAM ya bodi ile ni megabaiti 512. Kerneli iliyobanwa ilipakiwa megabaiti 32 kutoka mwanzo. Faili la vifaa lilikaa kwenye megabaiti 15.5, anwani niliyoinakili mimi mwenyewe kutoka maelekezo ya zamani nikawagawia wanafunzi. Lakini kerneli iliyobanwa haibaki ilipopakiwa: hujikunjua kuelekea mwanzo wa RAM. Zamani ilienea chini ya megabaiti 15.5. Huyu alikuwa ameiongezea viendeshi vya vihisio vyake. Ikanenepa, ikakunjuka juu ya jirani yake. Ilipoyatafuta maelezo ya vifaa, ilikuwa imekwisha kuyafuta yenyewe. Bila maelezo hayo haikujua hata mlango wa kutolea ujumbe. Ndiyo maana ya kimya kile.

Tulilihamishia faili kwenye megabaiti 128. Bodi ikawaka.

Hitilafu hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mpaka niliuweka mimi, kerneli ilipokua sikuurejea, na lawama nikamtwika aliye chini yangu. Ni mara ngapi katika ofisi zetu karani huandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa lililozaliwa na utaratibu uliopangwa kabla hajaajiriwa? Na ni wangapi hunyamaza kwa kuwa hawana pa kusemea?

Nilimwomba radhi mbele ya darasa. Anwani ile nimeiondoa katika maelekezo yangu, na sasa kila mwanafunzi huanza kwa kuchora ramani yake mwenyewe.