Simu Ambayo Haikupatikana

Muhula uliopita nilichaguliwa kutetea hoja katika mdahalo wa chama chetu, kwamba taifa lina haki ya kumshambulia hasimu wake likipashwa habari na majasusi kuwa anaficha silaha za maangamizi. Nilikubali kwa furaha. Methali ya kufungulia nilikuwa nayo tayari: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mlezi wa chama akanituma maktabani nikasome habari za vita vya Iraq. Huko ndiko nilikoanza kutokwa na jasho.

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq ina malori yaliyogeuzwa kuwa maabara za viini vya magonjwa. Picha zikaonyeshwa. Lakini jamani, zilikuwa picha za kuchora! Habari zenyewe zilitoka hasa kwa mkimbizi mmoja wa Iraq aliyekuwa Ujerumani, ambaye majasusi walimbandika jina la siri la Curveball. Mwaka 2011 alikiri mbele ya waandishi wa habari kuwa alitunga uongo.

Kulikuwa pia na barua zilizodai kwamba Iraq inanunua urani kutoka Niger. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likazichunguza, na tarehe 7 Machi 2003 likatangaza kuwa si za kweli. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeacha cheo hicho mwaka 1989! Hata bawabu wa lango letu, anayekagua vibali vya kutokea, asingedanganyika. Siku 13 baadaye vita vikaanza.

Simtakasi Saddam Hussein. Mwaka 1988 maelfu ya watu wa Halabja waliuawa kwa gesi ya sumu, na baada ya vita vya 1991 wakaguzi walikuta mpango wa nyuklia aliokuwa ameuficha. Kumshuku hakukuwa wazimu. Kilichonishtua ni jinsi kukosekana kwa silaha kulivyogeuzwa kuwa ushahidi: wakaguzi wa Hans Blix wasipoona kitu, ati ni kwa sababu kimefichwa vizuri.

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Nikiwa kiranja wa bweni katika kidato cha pili, mvulana mmoja aliniambia kwamba mwenzetu fulani ana simu. Kwa kuwa huyo mwenzetu alishawahi kushikwa na simu kidato cha kwanza, niliamini papo hapo. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu.

"Uko na uhakika?"

"Asilimia mia, mwalimu."

Sanduku likamwagwa, godoro likafumuliwa. Hakuna kitu. Nikasema, "Mwalimu, huyu ni mjanja, ameificha." Akatumwa nyumbani wiki mbili na mitihani ikampita. Simu haijapatikana hadi leo. Baadaye nikaja kujua kwamba aliyenipasha habari alikuwa akidaiwa pesa na huyo huyo aliyemchongea. Swali moja tu lingetosha: uliiona wewe, ama uliambiwa? Sikuliuliza.

Ripoti ya waliotumwa kuzitafuta silaha za Iraq ilitolewa mwaka 2004. Maghala yaliyosemwa hayakuwako. Mwaka uliofuata Powell alisema hadharani kuwa hotuba ile ni doa katika rekodi yake. Yeye angalau alisema.

Siku ya mdahalo niliitetea hoja kama nilivyopangiwa, ila methali yangu niliiacha mfukoni. Tulishindwa. Yule mwenzangu alikuwa ameketi safu ya nyuma, akipiga makofi kama wengine. Jioni nikamfuata mferejini.

"Ile maneno ya simu," nikamwambia, "ni mimi nilisema."

"Nilijua kitambo," akajibu, akaendelea kuosha sahani yake.