Ukizoea Harufu ya Petroli, Shida Ni Pua Yako

Wasee, leo siongelei mahusiano wala bei ya unga. Naongelea pete ya mpira ndogo kuliko sarafu ya shilingi moja, na vile nusura nikae kimya hadi mtu aumie.

Mwaka jana nilikuwa mafunzo ya kazini kwenye hanga moja pale Wilson, Nairobi. Jina la kampuni sitaji, si la maana hapa. Kati ya ndege tulizokuwa tunahudumia kulikuwa na Cessna 172 moja ya kufunzia marubani, mzee kuliko mamangu. Ilikuwa inanuka petroli ndani.

Siku ya kwanza nilipoingia kufagia, harufu ilinigonga. Mwanafunzi mmoja wa urubani naye akashuka akasema, "Hii ndege inanuka bana." Jamaa mmoja pale akamjibu, "Ndege zote ndogo hunuka. Utazoea." Tukacheka wote. Hata mimi nilicheka.

Na kweli nilizoea. Wiki ya tatu nilikuwa sisikii kitu.

Ngoja nieleze harufu ilikuwa inatoka wapi. Asubuhi ya Julai, vile Nairobi huwa baridi, injini ya ndege kama hiyo haishiki vizuri. Kwa hivyo kwenye dashibodi kuna kifundo kidogo kinaitwa praima. Unakifungua, unakivuta, unakisukuma mara mbili tatu, halafu unakifunga. Ni kama bomba la sindano: kinavuta mafuta kutoka kwa chujio na kuyarusha moja kwa moja hadi mlangoni mwa silinda, bila kupitia kabureta. Ndani yake kuna pistoni ndogo yenye oringi, zile pete za mpira. Hizo ndizo zinazuia mafuta yasirudi.

Sasa mpira huzeeka. Unakauka, unakuwa mgumu, unapasuka. Praima ikianza kuvuja, kuna njia mbili. Ya kwanza unaiona: matone yanatoka kwa kifundo na kudondoka ndani, karibu na nyaya zote za umeme zilizo nyuma ya dashibodi. Sihitaji kukuchorea petroli na cheche zikikutana ni nini hutokea.

Ya pili haionekani. Injini ikizunguka polepole, inanyonya kwa nguvu, kama wewe unapomalizia soda kwa mrija. Ikipata praima iliyochoka, au ambayo rubani amesahau kuifunga, inajinyonyea mafuta ya ziada. Hapo inatetemeka, inatoa moshi mweusi, na plagi zinajaa masizi. Ukiongeza nguvu, ule mnyonyo unapungua na shida inajificha. Kwa hivyo ndege inaruka poa, halafu inakusumbua ukishapunguza nguvu kutua. Na Wilson iko juu, zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mafuta tayari huwa mengi kuliko hewa. Ukiongezea ya praima, injini inasongwa.

Hiyo ndiyo ilifanyika. Alasiri moja yule mwanafunzi alirudi, ndege inakuja polepole hadi hanga huku injini inatetemeka kama bodaboda ya mkopo. Akavuta kile kishikio chekundu cha kukata mafuta. Kwa kawaida injini hufa saa hiyo hiyo. Hii ilikataa. Ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, kwa sababu mafuta yalikuwa bado yanapitia praima. Akaizima kwa swichi, akashuka. Gotini alikuwa na doa la buluu. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu, so hapakuwa na ubishi.

Akaniangalia. "Sis, wewe si hushinda ndani ya hii ndege? Ulikuwa hujui?"

Manze, nilikosa jibu. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimezoea tu.

Mzee, yule fundi mkuu wetu, alifungua praima mwenyewe. Akanipa oringi nishike. Ilikuwa ngumu kama kipande cha biskuti, upande mmoja bapa kabisa. Mtu akapendekeza tupake grisi iende, kuna mteja saa tisa. Mwingine akasema anajua duka Grogan anaweza pata pete saizi hiyo dakika ishirini.

Mzee akasema, "Mpira wa bomba la maji ukikutana na petroli unavimba. Na kitabuni jina litakalosainiwa ni langu." Akatoa funguo za ndege, akaziweka mfukoni. Ndege ililala chini siku mbili hadi pete za sawa zikaja, na karatasi zake.

Tulizivalisha, tukapaka mafuta kidogo, tukarudisha. Nikasukuma praima nikitazama kama kuna unyevu: pakavu. Nikaifunga, nikajaribu kuivuta: haikutoka. Injini ikawashwa, ikatulia. Mzee akavuta kile chekundu, ikafa papo hapo.

Maoni yangu ni haya. Nairobi tumefunzwa kuzoea. Gesi inanuka kwa bedsita, "ni kawaida". Breki za matatu zinalia, tunaongeza muziki. Halafu tunasema tuko ngangari. Hapana, hapo tumechoka kuuliza.

Kama unasomea urubani: ukisikia petroli ndani, usiwashe. Hakikisha praima imefungwa kabla ya kuondoka, ivute uone. Usizibe na kitambaa. Na usiishie kusema kwa mdomo, maana ya mdomo itachekwa. Iandike kwenye kitabu cha ndege. Ikiandikwa, lazima fundi mwenye leseni aijibu kwa sahihi yake.

Na kama wewe ndiye mdogo kabisa hapo kazini, pua yako ya siku ya kwanza ndiyo nzima kuliko zote. Ongea kabla haijazoea.

Yule jamaa bado anaruka. Kila akinipata hanga huniuliza, "Sis, inanuka?" Siku hizi huwa naingia ndani kwanza, navuta pumzi, ndio namjibu.

Wewe umezoea harufu gani?