Chambo cha Kumbikumbi

Wavuvi wa Kiswahili wametuachia msamiati mpana: mshipi, ndoana, chubwi, chelezo, dema, juya, jarife. Sehemu kubwa ya maneno hayo ilizaliwa pwani, ikapanda bara pamoja na wasafiri, vitabu na walimu. Katika orodha hiyo mimi huvutwa zaidi na neno chambo. Neno hilo moja hubeba mdudu, nyama na donge la ugali. Hubeba pia hila ya binadamu kwa binadamu mwenzake.

Upo uvuvi ambao chambo chake hakiliki kabisa. Mvuvi hufunga manyoya, nywele na uzi juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha huirusha juu ya maji kwa ufito mrefu unaopindika. Ndivyo wanavyovuliwa trauti, samaki wa mito ya baridi. Waingereza humwita mdudu huyo wa bandia nzi. Jina hilo tukilitafsiri lilivyo, msikilizaji wa hapa kwetu atawafikiria nzi wa jalalani, kwa hiyo mimi hukiita chambo cha unyoya. Mwaka 1905 mayai ya trauti yaliletwa kutoka Uskoti na samaki wake wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua nchini Kenya. Uvuvi huo ukaota mizizi Afrika Mashariki, na hadi leo mafundi wa Kenya hufunga vyambo vya unyoya vinavyouzwa Ulaya na Marekani.

Dodoma haina trauti wala haiwezi kuwa naye. Tuko juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini jua letu ni kali, mvua ina msimu mmoja tu, na mito mingi hubaki mchanga mtupu kwa miezi kadhaa. Maji tunayoyategemea kwa uvuvi ni ya mabwawa kama Hombolo na Mtera. Samaki wetu ni perege na kambare. Hao ndio ninaowafuata Hombolo siku za Jumamosi, nikiwa na vyambo nilivyovifunga mwenyewe.

Chambo changu kingemchekesha fundi wa Uskoti. Kiwiliwili ni kipande cha soli ya kandambili kuukuu, kwa kuwa huelea. Bawa ni unyoya wa kanga, yule ndege wa madoadoa. Uzi nimeuchomoa katika upindo wa kanga, ile nguo ambayo inasemwa ilipewa jina kwa kufananishwa na ndege huyo. Basi ndani ya chambo kimoja kanga amefungwa kwa kanga, na mpenda lugha hucheka kabla hajapata samaki.

Saa yake ni machweo. Lugha yetu imetenganisha kucha na kuchwa kwa sauti moja tu, na bwawani tofauti hiyo huonekana kwa macho. Jua linapokuchwa, mdiria huacha kupiga mbizi, upepo hutulia, na perege husogea karibu na uso wa maji. Mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, hiyo ndiyo saa ya kumbikumbi. Hutoka vichuguuni kwa maelfu, huruka kidogo, kisha huangusha mbawa zao. Wengi huangukia majini. Hapo perege hula bila woga, na uso wa bwawa huwa kama sufuria inayoanza kuchemka.

Nina jirani wa ukingoni, mzee wa Kigogo anayevua kwa ajili ya chakula cha wajukuu wake. Siku ya kwanza alipokiona chambo changu alikigeuzageuza kiganjani.

“Mbukwa, mwalimu. Huyu ni mdudu gani?”

“Kumbikumbi, mzee.”

“Kumbikumbi hana madoa.”

“Samaki yuko chini, mzee. Anaona kivuli tu.”

Akanyamaza mpaka perege wa kwanza alipotua nyasini. Kisha akasema, “Basi wewe unamdanganya mwenye macho. Mimi namngoja mwenye pua.” Akatoa mfukoni sabuni ya mche, akaikata vipande vidogo kama maharage, akavitunga kwenye ndoana zake. Giza lilipokaza, unyoya wangu haukuwa na kazi tena. Kambare hutafuta chakula kwa ndevu na kwa harufu, na sabuni ile ilimfikia pale unyoya usipoweza.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ugeni wa chambo uko katika malighafi yake tu. Soli ya kandambili ni ngeni kwa perege, lakini namna inavyokaa juu ya maji ni ile ile anayoijua tangu mvua ya mwaka jana. Sabuni ni ngeni kwa kambare, lakini harufu yake inamwambia chakula. Kitu kigeni kitupu hakimvuti samaki yeyote. Kitu cha zamani kilichokufa nacho hakimvuti.

Nayasema haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja, binti aliyekulia Bahi, ambaye hajawahi kuiona bahari. Mwaka jana aliandika shairi, nami nanukuu ubeti wake kwa idhini yake:

Mvua ya kwanza yashuka, kichuguu ki mbugani,
Kumbikumbi wanaruka, watoka humo shimoni,
Mbawa zao zadondoka, zikaelea majini,
Perege amezinduka, karamu i mlangoni.

Hesabu mizani, msomaji, pima vina. Vyote vimetimia. Hata hivyo, shairi hilo lilirudishwa na waamuzi wa shindano alilolipeleka, kwa maelezo kwamba kumbikumbi na kichuguu ni maneno yasiyo na hadhi ya ushairi. Alishauriwa atumie jahazi, nahodha na mawimbi. Tangu siku hiyo hajaandika ubeti mwingine.

Mimi sina ugomvi na jahazi. Anayelijua na alitumie. Lakini tumkumbuke Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma hii hii, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 ikatoka Diwani ya Mnyampala. Kisha akatupa ngonjera, mashairi ya majibizano yanayosemwa na kuigizwa mbele ya watu, ambayo yalienea mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ngonjera ilikuwa chambo kisicho cha kawaida katika bwawa la ushairi. Lakini vina na mizani vilibaki, na malumbano watu walikuwa wameyazoea tangu utotoni. Kwa hiyo iliwanasa.

Mtoto wa Bahi aliyefunga kumbikumbi kwa uzi wa tarbia amefanya kazi ya aina hiyo hiyo. Tukimlazimisha aimbe bahari asiyoijua, tutapata beti zenye maneno yenye hadhi ambazo hazimgusi yeye wala hazimgusi jirani yake, na lugha itakuwa imepoteza jicho moja lililoiona nchi kavu ya katikati.

Malenga wenzangu mnaokaa kwenye viti vya uamuzi, kabla ya kukataa neno, litupeni majini mwone kama linaelea. Nami nimemwambia binti yule asibadilishe hata herufi moja. Mvua za Desemba zinakaribia, na nimemfungia chambo kimoja cha unyoya wa kanga. Amekipokea, kalamu bado hajaishika.